Kitufe cha Kufuta Kimelala Juu ya cha Kutuma

Mpendwa Shangazi Hatsue, naomba msaada kabla sijapasuka, mimi ni msichana wa sekondari hapa Niigata na kusema mbele za watu naogopa, ndiyo maana naandika. Klabu yetu ya kompyuta ina programu ya Java ya kupokea oda za tambi za kukaanga kwenye tamasha la shule, na aliyeiandika ni mkubwa wetu, Kaka Kuramochi, ambaye kila kitufe amekipachika kwa vipimo vya kompyuta yake ya nyumbani, basi tulipoifungua kwenye kompyuta kuukuu ya shule vitufe vikapandiana, "Futa Zote" kikafunika nusu ya "Tuma", na katika mazoezi rafiki yangu Mizuho alipotaka kutuma, oda zote zikafutika bila hata kuulizwa. Kaka Kuramochi akamfokea mbele ya klabu nzima, "Macho umeyaazima wapi? Hata mtoto wa chekechea angebonyeza sawa!" Wakacheka, Mizuho akavua aproni akaondoka, na sasa hataki kurudi. Nikajikaza, "Kaka, si tuliache dirisha la programu lipange vitufe lenyewe?" Akanijibu, "Kwangu inafanya kazi. Rudi maktaba, Bibi Vitabu." Nina hasira sana. Programu nimeiandika upya: hesabu za oda nimezitenga na dirisha, vitufe vinajipanga kulingana na skrini, na Futa Zote kiko pembeni peke yake, tena huuliza kwanza. Je, niibadilishe kimyakimya asubuhi ya tamasha?

Mwenye Hasira, Niigata

Mwenye Hasira, hasira yako ni halali, na huyo kaka angekuwa karibu ningemfinya sikio. Dirisha linalomkosesha mtu ni kazi mbovu, hata kama aliyelijenga yuko darasa la mwisho. Lakini na wewe, mwanangu, acha ujanja wa panya! Ukibadilisha kimyakimya, tambi zitauzwa, Kuramochi atasifiwa kwa jasho lako, na Mizuho atabaki kuwa yule aliyefuta oda. Ndicho unachotaka?

Nenda kwa Mizuho leo, kabla hujagusa kompyuta. Mwambie kosa halikuwa la mkono wake. Kisha mpelekee mwalimu wa klabu programu zote mbili, mchana kweupe, wenzako wakiwepo. Sauti ikikukauka, usihutubie. Mkalishe Kuramochi mwenyewe mbele ya kompyuta ya shule, programu yake ikiwa wazi, msomee oda za watu kumi wenye njaa, halafu sema maneno mawili tu: "Tuma, kaka."