Jezi za Timu Isiyofika Khartoum

Mpendwa Shangazi Mwanaidi,

Mashindano yetu yamekwisha Jumapili. Nimerudi na mfuko ule ule uliokatika mkanda mmoja, nimeloweka jezi, na sasa nimekaa kwenye kiti chako mbele ya cherehani. Sishoni. Hapa ndipo nilipozoea kukusimulia mambo, nawe ukinisikiliza na pini midomoni, ukinijibu kwa nyusi. Leo pia nijibu kwa nyusi. Nina habari za timu yako ya nne.

Nitaeleza hata unayoyajua, kwa kuwa barua hii itasomwa na watu ambao hawakukujua. Wajue kwamba ulikuwa dada wa baba yangu, mshonaji kutoka Tanga, na kwamba mama yangu alipofariki, baba akiwa njiani daima na malori, ulinichukua ukanilea katika vyumba viwili vya hapa Troyeville, Johannesburg. Na wajue kwamba, watoto wa wenzako walipokuwa wakisimuliwa habari za sungura na fisi, mimi ulinisimulia Khartoum.

Ulikuwa ukiianza unapofumua, maana kufumua hakutaki akili. Mwaka 1957 nchi nne zilikubaliana kuanzisha kombe la mpira la Afrika, lichezewe Khartoum: Misri, Sudan, Ethiopia na hii yetu, Afrika Kusini. Nne tu, kwa sababu sehemu kubwa ya bara ilikuwa bado mikononi mwa wakoloni. Wakubwa wa Afrika Kusini wakasema watapeleka timu ya Wazungu watupu au ya Weusi watupu, ila mchanganyiko hawautaki. Wenzao wakawajibu kwamba kwa masharti hayo wasije. Ethiopia, iliyopangwa kucheza nao, ikaingia fainali bila kugusa mpira. Misri ikawafunga wenyeji Sudan mawili kwa moja, kisha ikaipiga Ethiopia manne bila, na yote manne yakafungwa na mtu mmoja. Babu alisema aliyapata kwenye redio ya Cairo iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili, akayaleta nyumbani. Wewe hukuwa umezaliwa. Ulirithi hadithi hii kama wengine wanavyorithi sufuria.

Mabao hayakukuhusu sana. Kilichokukaa rohoni ni ile nafasi ya nne.

"Wakubwa walikataliwa na walistahili," ulikuwa ukisema. "Lakini vijana je? Walikuwepo vijana hapa hapa Johannesburg, mpira wanaujua kama kutembea, na hakuna aliyewauliza wanataka nini. Fungu lao limekwenda wapi, Zuhura?"

Fungu lao. Ulilizungumzia kama wali. Nyumbani kwetu hakuna aliyekosa chakula kwa kuchelewa. Ulimpakulia asiyekuwepo kabla sisi hatujatia mkono, ukaifunika sahani kwa kawa, lile la ukili wa rangi ulilotoka nalo Tanga, ambalo lilishafifia ukingoni. Baba alipokwama mpakani na lori lake, sahani yake ilikaa mezani vile vile, na kesho yake tulipasha. Niliwahi kunyoosha mkono kuchukua kipande chake cha samaki. Hukunipiga. Ulisema tu, "Ukila fungu la asiyekuwepo, umemfukuza."

Kisha ulikuwa unaruka miaka mingi na kufika 1996, ulipokuwa mgeni mjini, umepanga kitanda Berea katika chumba cha wanawake watano. Ulikusudia kukusanya bei ya cherehani na kurudi Tanga. Mwaka huo kombe lile lile likachezwa hapa, na fainali ikapigwa katika mji huu, na Afrika Kusini ikalichukua. Ulishuka mtaani kutazama. Kwenye robot, taa za barabarani, gari zote zikipiga honi na hakuna inayozijali, mwanamke usiyemjua alikukumbatia, akakuzungusha, akikuita dada kwa lugha yake. Hukuwa na neno hata moja la kumjibu. Ukalia. "Nikasema, wale wa Khartoum wamekuja kula," ulinieleza. "Ningeondokaje katikati ya karamu?"

Ukanunua cherehani, ukabaki nayo hapa.

Sijui ni nani aliyeanzisha mashindano ya watu wetu pale uwanja wa Bez Valley kila majira ya baridi. Najua nani aliyeyavisha. Kitambaa ulikitafuta madukani Kensington, ukashona jezi za Tanzania, za Kongo na za Burundi. Halafu, bila kuagizwa na mtu, ukashona seti ya nne, rangi ya binzari, yenye namba mgongoni na isiyo na nchi kifuani. Ukazitundika kwenye uzio kabla ya mechi ya kwanza, moja moja, kama nguo zinazoanikwa.

Papa Ilunga, kinyozi wa Lubumbashi na kocha wa Wakongo, alikujia juu kila mwaka kwa Kiswahili cha kwao.

"Eh, Mama Mwana! Ile équipe, ile timu, iko wapi? Unashonea bapepo?"

"Nawashonea wenye njaa."

"Basi ni bapepo ba njaa. Njo mubaya zaidi!"

Ulicheka mpaka ukashika uzio. Jezi hazikuguswa, ukazifua hivyo hivyo, ukazipiga pasi, ukazikunja mpaka mwaka uliofuata.

Wa kwanza kuvaa jezi ya njano nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Watoto wa Kitanzania walikuwa wanagawana timu yao pembeni ya uwanja, na mmoja akanisukuma: "Toka, wewe Msauzi. Kiswahili chenyewe cha kuazima!" Wiki hiyo hiyo, shuleni, nilikuwa nimeambiwa nirudi nilikotoka. Nilikuwa nimetoka Troyeville. Nilikaa juu ya mfuko wa jezi, nikijaribu kulia bila sauti, ustadi ambao ninao mpaka leo. Wewe hukunibembeleza, wala hukwenda kuwagombeza wale watoto. Ulitungua jezi moja uzioni ukanivika juu ya sweta, ikanifika magotini.

"Timu yako ipo," ulisema. "Wenzako hawajafika tu."

Nimesoma vitabu vinene, Shangazi, vya watu wanaotafuta maneno ya kueleza mtu wa kwao ni nani na kwao ni wapi. Vingine ni vizuri, navipenda. Lakini hakuna kilichonipa sentensi ninayoweza kuivaa. Ile yako niliivaa nikaenda nayo shule Jumatatu.

Na kweli wenzangu wakafika, mmoja mmoja, kwa miaka. Mlinzi wa Kimalawi ambaye nchi yake haikuwa na timu pale. Watoto wa Kikongo waliozaliwa huku, wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kizulu. Na Thabo, fundi magari wa nyumba ya pili, mtu mzima na ovaroli yake, aliyezaliwa mtaa huu na hajawahi kuhama. Yeye alidaka. Ukamshonea jezi ya kipa, ya kijani, ukimpima kwa macho kutoka upande wetu wa ukuta.

Ukuta ule ulikuwa shule yake ya Kiswahili. Ulikuwa unamwita, "Thabo, karibu chakula!" naye akajibu alivyofundishwa, "Asante, Anti, nimeshiba," huku tayari anafuta mikono kwenye ovaroli na kuja.

"Muongo huyu," ulimwambia. "Sema kweli. Sema: nina njaa."

Akatikisa kichwa na kucheka. Aliona haya. Mwaka hadi mwaka ulimwambia aseme, na mwaka hadi mwaka alikula sahani yako na kusema ameshiba.

Nilipokuwa chuo kikuu nikisoma historia, nilikwenda kuitafuta Khartoum maktabani. Karibu yote uliyonieleza niliyakuta. Moja sikulikuta: wewe ulisema vijana wa Afrika Kusini walirudishwa wakiwa uwanja wa ndege. Hawakufika uwanja wowote wa ndege. Jambo lilikatwa na wakubwa kabla ya safari. Nilikuja kukwambia jioni hiyo, nikihofia nimeingia na viatu katika hadithi ya Babu. Ulitoa pini mdomoni, ukafikiri.

"Kumbe hata begi hawakufunga," ulisema. "Masikini. Basi njaa yao ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani."

Ukarudi kwenye upindo wako. Tangu siku hiyo ukaisimulia kwa namna mpya. Nashukuru kwa hilo kuliko unavyojua. Ulinionyesha kwamba mtu anaweza kusahihishwa na asipungukiwe kitu.

Ulipofariki, ndugu wa Tanga walitaka usafirishwe. Nilisimama mbele yao nikarudia maneno yako, kwamba ukifia huku uzikwe huku, na usipakiwe kama mzigo. Thabo alishika jeneza upande wa kulia. Hakujua dua, akawa anasema njia nzima, "Asante, Anti. Asante, Anti."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka huu yalipita maandamano mtaani kwetu, watu wenye fimbo na mabango, wakiimba kwamba wageni waondoke. Nilifunga mlango, nikachungulia kwenye pazia. Thabo alikuwa amesimama kwenye lango lake, mikono ameikunja kifuani. Hakuandamana nao. Lakini hakusema neno. Walipokwisha kupita nilitoka nikayatafuta macho yake, akatazama chini. Tangu siku hiyo ukuta wetu ulikuwa ukuta tu.

Wiki moja kabla ya mashindano, Papa Ilunga alikuja hapa chumbani kwako. Mvi zimemjaa sasa. Alikaa, akaizungusha kofia yake mikononi.

"Zuhura, mwana yangu. Mwaka huu tucheze timu tatu. Batu beko na woga."

"Na jezi za njano?"

"Ukitundika zile, unaita nani? Bale benye balipita hapa na fimbo?"

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikubaliana naye kuliko mimi nilivyotaka. Nikamwambia sawa. Siku ya kuandaa jezi nilizipiga pasi za Tanzania, za Kongo, za Burundi. Pasi ilikuwa bado moto. Nikavuta ya njano ya kwanza, nikasema nitanyoosha hii moja isijikunje, kisha nikanyoosha ya pili. Shangazi, sikuamua. Mkono wako ndio uliokuwa unaendelea.

Jumapili baridi ilikuwa kali, majani ya Bez Valley yamekauka. Nilizitundika zote, ya kijani mwisho. Papa Ilunga aliniona, akageuka kupanga kura. Kura ikawapa Wakongo wacheze na timu ya nne. Walikuja Mmalawi na watoto wanne waliozaliwa huku, basi. Watano. Papa Ilunga, ambaye ndiye pia mwamuzi kwa kuwa hakuna mwingine mwenye filimbi, alitazama saa yake, akatazama barabara. Wakongo wakaanza kupiga makofi: kwa sheria walikuwa wameshinda mezani, fainali hiyo hapo, bila jasho. Kama Ethiopia. Akatia filimbi mdomoni.

Halafu akaitoa.

"Hapana," alisema. "Miye sitakula ya mutu."

Sikujua kama alikuwa akikusikia miaka yote ile, au alikuwa anacheka tu. Aliwavua Wakongo wawili jezi zao, akawatupia za njano. Akaenda kwa Warundi akaomba, akaenda kwa Watanzania akagombana nao kidogo akaomba. Tukapata kumi. Jezi ya kijani hakuna aliyetaka kuivaa. Kila mtu pale anajua ni ya nani. Nikasimama golini mimi, na sweta langu. Mikono yangu unaijua, Shangazi. Kabla ya mapumziko nilikuwa nimefungwa manne. Nilipohesabu la nne nikakumbuka Ethiopia, nikacheka peke yangu golini hadi beki wangu akageuka kunitazama.

Kipindi cha pili kikianza niliangalia uzio. Jezi ya kijani haikuwepo. Nikadhani imeibiwa, na uchungu ulionipata haukuwa wa jezi.

"Toka hapo, sisi," sauti ilisema nyuma ya wavu, kwa Kizulu, ambako sisi ni dada. "Eish. Anti angeona unavyodaka, angefumua hizi jezi zote."

Alikuwa ameivaa juu ya ovaroli. Imeanza kumbana tumboni.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga kwa wiki nyingi: lango, mikono iliyokunjwa, macho yaliyotazama chini. Niliyapanga kwa Kiingereza kizuri. Yaliyotoka mdomoni hayakuwa hata yangu.

"Karibu chakula," nikasema.

Alisimama. Nilingoja jibu lake la siku zote. Alitazama majani, kisha akanitazama mimi, machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nina njaa," alisema.

Kiswahili safi, Shangazi. Kila herufi mahali pake.

Nilitoka golini. Bao la tano halikuingia. Tulifungwa manne bila, na Wakongo wakaingia fainali wakiwa wamechoka, kama inavyotakiwa. Kuhusu lango na mikono ile hatujazungumza. Tutazungumza, na haitakuwa rahisi, na sitaki iwe rahisi. Jezi za njano zipo kwenye karai, kumi. Ya kijani amekwenda nayo kwake. Amesema atafua mwenyewe. Ameahidi kuja kula akimaliza gari la mteja, na fundi magari unajua ahadi zake za muda.

Nimeshampakulia. Nimefunika.

Nakuacha upumzike, Shangazi, katika ardhi uliyoichagua. Nashukuru kwamba ulinitunzia fungu langu mpaka nilipofika.

Mtoto wa kaka yako,
Zuhura