Jina Kwenye Klampu za Mzee Ratemo

Chemu uko? Nataipu na mkono mmoja.

Si unajua Mzee Ratemo wa hapa Litein aliniomba nimwandikie historia ya karakana yake ya klampu, zile za kubana chuma ndio utoboe na drili.

Akasema kabla ya klampu, chuma kilikuwa kinashikwa na mkono tu. "Ngoja nikuonyeshe. Shika hapa."

Na mimi nikashika!! Aki Chemu, NIKASHIKA.

Drili ikauma chuma, kikaanza kuzunguka huku kimenibana vidole. Nikashindwa hata kuachilia.

Mara mke wake, Mama Nyabate, akaingia na chai. Akaangusha birika, akang'oa waya ya stima kwa ukuta. Drili ikasimama. Imenichuna kidole kimoja tu.

Mama hakupiga nduru. Alisema tu polepole, "Ratemo. Hata huyu?"

Ndio nikaona ule mkono wake anafichanga kwa leso. Vidole viwili hakuna. Si tuliambiwanga ni panga ya kuni?

Mzee akakaa chini akalia kama mtoto.

Na vile kila klampu imegongwa jina NYABATE! Miaka yote tunasema, huyu mzee anapenda bibi yake.

Nimehesabu vidole vyangu mara tatu.

Nikitoka, mama akaniokotea kalamu. Akasema, "Hiyo historia ianze na mimi. Ni mimi nilishika wa kwanza."