Dakika Tatu za Kuitetea Bastola

Tolliver Gap, Virginia
Novemba 14

Mdogo wangu Wendell,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, wifi yangu Noreen, na wale wasichana wenu ambao nadhani sasa wananipita kimo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na baridi ya huko Ohio haijaanza kuwatesa. Mimi dada yako ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mitufaha imezaa sana mwaka huu, nimepika jemu mpaka chupa zimeniishia.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka sita ya kununiana si mchezo. Nakuomba tu usiichane barua kabla hujaifikisha mwisho. Ukishaimaliza, ichane ukipenda.

Unamkumbuka Imogene Pruitt, mliyekaa naye dawati moja darasa la tano, aliyekuwa akikunyima kifutio? Ndiye mkutubi wetu wa kaunti, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jumamosi moja ya Septemba alikuwa akiwasomea watoto hadithi pale maktaba. Kasichana ka miaka sita kakaenda chooni, kakarudi kameshika bastola kwa mikono miwili, kanauliza ni ya nani. Ilikuwa na risasi tano ndani. Imogene hakupiga kelele. Alipiga magoti, akakaomba kaiweke juu ya zulia taratibu, kisha akakaa katikati ya ile bastola na watoto mpaka polisi wakafika. Mimi ningepiga ukunga hadi Tennessee wasikie.

Wiki iliyofuata akaliandikia baraza la kaunti, akiomba silaha zipigwe marufuku ndani ya maktaba. Sheria ya hapa unaijua: mtu hutembea barabarani na bastola kiunoni asiulizwe, na akitaka kuificha chini ya koti anaomba kibali mahakamani. Lakini kwenye majengo yao wenyewe, kaunti zimeachiwa ziamue. Basi hapo moto ukawaka. Hawa wakasema Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kubeba silaha, hayaishii mlangoni pa maktaba, wale wakasema walioyaandika hawakuwa na watoto wa chekechea chooni. Mgahawani watu wakahamana meza. Mchungaji akakataza neno bastola lisitamkwe kwenye chakula cha jioni cha kanisa, na watu wakabishana vilevile huku wakiiita "hicho kitu".

Mimi msimamo wangu unaujua, na sikuombi radhi kwa huo. Tangu Hollis wangu afariki naishi peke yangu mwisho wa barabara, na polisi wakiitwa huchukua dakika arobaini kufika. Jumamosi nawafundisha wanawake kulenga shabaha. Wenye silaha wa kaunti walipounda kamati ya kuipinga hiyo marufuku, wakaniweka mimi mwenyekiti, na nikakubali bila kubembelezwa.

Sasa sikia lililofuata. Royce Tackett, yule mwenye duka la vyakula vya mifugo, akaja na lake. Bastola haina karatasi, akasema, ni ya zamani, na mwenyewe hajajitokeza. Nani anayefaidika? Si Imogene mwenyewe? Ameiweka yeye ili apate marufuku yake! Jumatatu yalikuwa maneno ya dukani, Ijumaa yakawa ndiyo ukweli wenyewe. Watu mia tatu wakatia saini afukuzwe kazi. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, Wendell, na anamlea mama yake ambaye hamtambui tena. Baraza likapanga kuyasikiliza yote siku moja: marufuku, na kazi ya Imogene. Na siku Royce alipoyasema hayo mbele yangu kaunta, mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Tukakutana ukumbi wa shule, wananchi sitini na mmoja tukiwa tumejiandikisha kusema. Utaratibu ni uleule wa siku zote: dakika tatu kila mmoja mbele ya kipaza sauti, taa ya kijani, ya njano, halafu nyekundu unakatwa. Mkulima mmoja alisoma Katiba kutoka kwenye kijitabu cha mfukoni. Nesi mmoja akaeleza jeraha la risasi linavyokuwa kwa mtoto. Mzee Cletus alimaliza dakika zake zote akizungumzia dubu. Wakili wa kaunti akatukumbusha kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imeitambua haki ya kubeba hadharani, ila bado mahakama zinavutana kuhusu sehemu gani zizuiwe. Kila upande ukapiga makofi kana kwamba umesifiwa wao.

Kisha akaja Imogene, na kile kikoti chake cha kijivu. Hakutumia hata nusu dakika. "Sikuiweka," alisema. "Mimi hata kuijaza risasi sijui. Ningewaambia ni ya nani kama ningejua." Mtu nyuma akaguna. Imogene akarudi kukaa, mkoba mapajani, akiushika kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa namba arobaini na nne. Hotuba ilikuwa kurasa mbili, nimeipiga chapa, nimeijaribu mbele ya kioo. Taa ya kijani ikawaka. Nikazikunja zile karatasi.

Wendell, bastola ile ni ya Baba. Ile yenye mpini uliopasuka, aliyoifunga utepe mweusi. Asubuhi ile nilikuwa nayo kiunoni, chini ya koti, nilipokwenda kurudisha vitabu. Kila abebaye anajua: ukikaa chooni na suruali iko chini, bastola lazima uiweke mahali. Nikaiweka juu ya kisanduku cha karatasi za chooni. Simu ikalia, ni mmoja wa wanawake ninaowafundisha ananiuliza ratiba ya mafunzo, nikatoka naongea. Somo langu la kwanza kwa wale wanawake, unalijua? Silaha haitengani na mwili wako. Niligundua nikiwa nyumbani, nikarudi mbio, nikaona gari la polisi mlangoni. Nikageuza gari. Nikajiambia nitasema kesho. Nilikuwa mwoga, ndiyo neno lake, na woga wangu ukambebesha Imogene mzigo wangu wiki tano.

Basi nikasema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Naitwa Darlene Haskett. Bastola ya chooni ni yangu. Niliisahau, kama mtu anavyosahau miwani. Imogene hana kosa, na mimi nimelijua hilo tangu siku ileile." Nilipotazama, taa ilikuwa bado ya kijani. Nikaongeza kwamba haki ya kubeba bado naiamini, lakini miaka yote nimefundisha kana kwamba mzembe ni mtu mwingine. Kisha nikaenda kwa mkuu wa polisi aliyesimama mlangoni, nikamwambia niko tayari.

Hawakunifunga. Hakimu amenisimamishia kibali changu cha kuficha silaha mwaka mzima na kunipa saa sitini za kazi ya jamii, nazo nazifanya maktaba, nikitia gundi vitabu vilivyochanika. Siku ya kwanza Imogene hakunisemesha. Ya pili aliniambia natia gundi nyingi mno. Ya tatu akaniletea chai, nikalia kama mtoto, naye akaniacha nilie. Kazi yake hakuna anayeigusa tena.

Baraza likapiga kura, watatu kwa wawili: silaha zisiingie maktaba, ila mlangoni pawekwe makabati ya chuma, mtu afungie yake na ufunguo akae nao. Royce alininunia, akaniita msaliti. Juzi nikamkuta pale mlangoni na tindo na keekee, anayang'oa makabati na kuyafunga upya, analalamika kwamba fundi wa kaunti kayaweka kombo. Akaniambia hata kama sheria ni mbovu, kazi mbovu haivumilii.

Sasa lililonishikisha kalamu. Siku ya mazishi ya Baba, uliponiomba ile bastola, nilikujibu mbele ya watu wote kwamba wewe umekuwa mtu wa mjini, utaisahau mahali na mtoto wa mtu ataiokota. Ulipanda gari bila kula. Nisamehe, mdogo wangu. Nimeyarudia maneno yale kila usiku tangu Septemba, na kila nikiyarudia namwona yule kasichana.

Mkuu wa polisi aliniuliza bastola akishamaliza nayo amkabidhi nani. Nimemwandikia jina lako. Njooni tule pamoja Siku ya Shukrani. Bata mzinga nimeshamwekea oda, na kitanda cha Baba nimekitandika. Ukitaka kuitunza, itunze. Ukitaka kuiyeyusha, nitakupeleka mwenyewe kwa mhunzi.

Imogene naye nimemwalika. Anasema safari hii kifutio atakuazima.

Mbusu Noreen na wasichana kwa niaba yangu.

Dada yako aliyekosa,
Darlene