Kina Mize Hamad Wawili

Bi Mize, mwalimu wangu,

Mungu akulaze pema. Nakuandikia na hasira zangu, nisamehe, lakini ungekuwapo ungekasirika kunishinda.

Tangu tukuzike, chumba chetu cha kadi za wagonjwa si kile tena. Hospitali na vituo vya kisiwa kizima vimeingia kwenye kompyuta. Mgonjwa akifika dirishani anaulizwa majina matatu na tarehe ya kuzaliwa, basi. Wazee wetu tarehe hawana, wote wameandikiwa mosi Januari. Wewe ulikuwa ukiuliza, "Mama yako nani?" na kabla mtu hajamaliza kujibu, kadi yake ushaitoa. Nikawaambia jina la mama litiwe. Nikajibiwa, "Salma, acha ukale."

Haya. Jumatatu kaja bibi mmoja kutoka Konde kuchukua dawa zake za presha. Dirisha la dawa wakamkatalia, kompyuta inasema kafariki. "Mie? Nimekufa lini, na hitima yangu mmeila wapi?" Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka, mpaka nilipoona jina. Mize Hamad Faki, mosi Januari, sawasawa na wewe. Wallahi, walikusudia kufunga faili lako wakafunga lake!

Kijana wa kompyuta akasema si tatizo, yupo Mize Hamad mwingine yu hai, apewe dawa za huyo. Dawa zako za sukari, Bi Mize! Kwa mtu asiyeugua sukari! Nikapiga ukelele, nikamuuliza bibi mama yake, akasema Bi Raya. Nikaingia kwenye kadi zako. Yeye wa Bi Raya, wewe wa Bi Kazija, kila mmoja na namba yake. Hazikupita dakika tano.

Na kadi hizo hizo mkuu wetu kaamuru zichomwe Ijumaa.

Nimekataa. Ufunguo ninao mie na siutoi. Nimepewa barua ya onyo, nimeijibu: kompyuta siichukii, hata lile vumbi lililokukohoza miaka yote limepungua. Lakini hachomi mtu kadi hapa mpaka jina la kila mama liingie. Pa kuliandika hapakuwekwa, basi naliandika kwenye nafasi ya "maelezo mengine". Wakitaka wanifukuze, waje wazisome wenyewe.

Jumatatu ile likabaki moja. Kumfungulia bibi faili lake ilikuwa kazi rahisi, lakini lako bado lilisema u mzima, na kesho mwingine angepewa dawa zako. Yule kijana akashika kompyuta alifunge. Nikamwambia ondoka hapo. Siku ya msiba nilikukosha mie kwa mikono hii, hili nalo ni langu. Nikaandika "amefariki", nikalia mbele za watu, sikuona haya.

Bibi kaenda zake Konde na dawa zake za presha.

Kwaheri, Bi Mize. Nakuahidi, maadamu nimekaa kwenye dirisha hili, hapana mzima atakayeandikwa maiti. Na wakinitoa, watanitoa kwa kuniburura.

Mwanafunzi wako,
Salma