Nywele Zina Mizizi, Baba Tatu

Baba Tatu,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Usifungue kitambaa cha kichwani wala usivae kofia mpaka mganga wa zahanati arudi jioni.

Mimi naenda kuhamisha miche ya tumbaku shamba la ujamaa. Ilikuwa zamu yako. Wakiniuliza nitasema ~~umeumwa na nyuki~~ una homa.

Hivi wewe na Mabruki kinyozi mliwaza nini asubuhi hii? Umesoma gazetini kwamba nywele hupandikizwa, basi akunyoe kisogo, akuchanje chale utosini, asugulie zile nywele kwenye damu kama dawa! Mganga amecheka mpaka akaketi. Anasema huko Ulaya daktari hupiga ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi ya kisogoni, ambako nywele hazipotei upesi, akakipanda kwenye tundu alilotoboa mbele. Nywele zile hudondoka kwanza, halafu mizizi iliyobaki huotesha nyingine baada ya miezi.

Mizizi! Mkulima mzima wa tumbaku, lini ulichomeka jani ardhini likaota?

Kama ni kwa sababu nilicheka juzi mdogo wangu Zamda alipokuita babu, nisamehe. Lakini usirudie. Kisogoni pako napo pana upara wa ukubwa wa sarafu ya thumni, tangu mwaka jana. Hata hao wa Ulaya wangekosa miche. Sikukwambia, kwa sababu ukivua kofia ukalala, hapo panaonwa na mimi tu.

Mama Tatu