Huo Mzinga Si Ule Unafikiria

Nakuru, mwezi wa sita, 2007

Kwa dada yangu Truphosa,

Umeamkaje huko Chavakali, na lile goti lako limeamkaje? Nauliza goti kwanza kwa sababu najua wewe utasema uko sawa hata kama unatembea na ukuta. Mimi niko mzima. Mwili umeongezeka tena, juzi nimejishonea sketi nikakataa vipimo vyangu mwenyewe nikadhani futi imeharibika. Mvua imenyesha huku imelaza vumbi, kwa hivyo hata kifua kimetulia. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole, na mahali pakikushinda mpatie mtoto wa shule lakini si mbele ya watu, kwa maana haya ni mambo ya nyumba.

Sasa. Ulinipigia na simu ya jirani ukaongea na hasira mpaka ikakatika. Ulisema, na sijasahau: “Robai, huyo kijana wa Kageha anaimba pombe. Vijana wameinua chupa kwa disko matanga, hizi ngoma za usiku msibani, wakiimba wimbo wake. Mimi nimezika mlevi mmoja, sitafungulia mwingine mlango.”

Dada, nimekuskia. Shemeji nilimpenda, na yale ulipitia nilikuwa naona. Lakini hii maneno ni refu, simu haiwezi kuibeba, ndio maana nimenunua karatasi. Vile binti yako Kageha anaishi na mimi na ananiita mama mdogo, nikinyamaza nitakuwa nimekosea nyinyi wawili. Analia usiku akidhani nimelala. Asubuhi anaamka anaosha vyombo ambavyo viko safi.

Wacha nianze na duka ndio uelewe. Unajua bado niko na cherehani yangu kwa veranda ya Harbans, yule Mhindi wa kilemba anauza redio na kaseti, siku hizi na hizi sidi. Nimekaa hapo mpaka amezoea kunitumia kama mzani. Wimbo mpya ukiletwa anauweka kwa spika ya nje, halafu haangalii uso wangu, anaangalia mguu. Mguu ukikanyaga cherehani vile ulikuwa unakanyaga tu, anarudishia mwenyewe sidi zake. Mguu ukibadilika ukafuata wimbo, anaambia kijana alete zingine. Anasema mdomo wangu unasifu kila mtu kwa huruma lakini mguu hauna huruma.

Na dada, mwaka huu nimeskia mambo. Hawa vijana hawangojei tena kampuni ya Nairobi iwaite. Wanajirekodi wenyewe nyumbani, picha ya juu wanatoa fotokopi, wanatembeza kwa mfuko. Kuna wasichana wa Bondeni wanaimba bila gita, ngoma moja na midomo tu. Hao nimewapenda sana, isipokuwa wanamalizia kila wimbo kwa kusalimia marafiki mpaka hamu inaisha. Kuna mwingine anaimba Kizungu kama mtu anaumwa na jino, na gita yake inalia kama posho mill imekosa mahindi. Nilimcheka wiki nzima. Halafu siku moja mvua inanyesha, huo wimbo wake wa mwisho ukachezwa, nikaacha kushona nikaskiza mpaka mwisho bila kuelewa hata neno moja. Nikamwambia Harbans huyu mtoto kitu kinamsumbua, chukua zake. Wale sitaki ni hawa wa kinanda cha umeme kinajifanya tarumbeta. Kama huna tarumbeta si uimbe tu bila tarumbeta.

Ndio ikaja hii Bendi ya Magunia. Wanaitwa hivyo kwa sababu wamerekodi ndani ya stoo ya viazi, na kwa ukuta wametundika magunia ndio sauti isikimbie. Kijana wa gita na wa kuimba ni Kiprono, ndiye huyo wa Kageha, ingawa siku hiyo sikuwa najua kitu. Harbans akaweka. Nilikuwa nashona sare ya shule. Dada, mguu ulienda peke yake. Niliposhtuka nilikuwa nimeshona mfuko ukafungana na mkono wa shati. Maneno yenyewe ni haya:

Shusha mzinga, mzee, shusha polepole,
tumekuja na kikombe, tumekuja na kiu.

Mimi nikajua ni nyuki. Mzinga ni wa nyuki, kwani ni wa nini tena? Nikaona ni wimbo mzuri wa mtu anakumbuka kwao. Nikauimba kila mahali. Nikauimba hata nikipima mama pasta gauni ya harusi ya mtoto wake, sauti yote, pini kwa mdomo. Mama pasta akanitazama, akashika gauni kwa kifua kama amevamiwa, akaniuliza kama siku hizi nakunywa. Ndio nikaambiwa kwa vijana mzinga ni ile chupa kubwa ya pombe kali. Kumbe mji mzima unaimba chupa na mimi peke yangu naimba asali. Veranda ilicheka mpaka Harbans akatoka kuuliza kama kuna mwizi.

Baadaye Kageha ndio akanifungukia kwamba huyo kijana ndiye wake, na wewe simu yako ikaingia na moto. Nikasema hapana, huyu lazima nimuulize uso kwa uso. Nikamwita kwa veranda. Akakuja na nguo safi, mrembamba, anasimama kama mtu amekuja kudaiwa. Nikamkalisha kwa kiti cha wateja.

“Kiprono, nitakuuliza mara moja. Huo mzinga ni gani?”

Akaangalia chini. “Mama mdogo, ni wa babu. Ule wa juu ya mti.”

“Na kikombe?”

“Ni cha kukingia asali. Tukiwa watoto tulikuwa tunasimama chini na vikombe.”

“Na mbona watu wanainua chupa?”

“Siku ya kwanza tuliimba kwa baa, wakainua. Nilisimama nikaeleza ni nyuki. Wakacheka, wakasema rudia, rudia. Sasa nikieleza wanadhani ni mzaha wa wimbo.”

Nikamtazama sana. Dada, wewe na mimi tunajua macho ya mtu wa chupa, tumeyalea. Hayo hakuwa nayo. Lakini sikuamini macho pekee, mimi si mjinga. Nikasema mimi na Kageha tutaenda kwao tuone huo mzinga.

Kwao ni juu huko, unapita Mau Narok kwenye mashamba ya ngano, unaingia kando ya msitu. Baridi ya huko haina adabu. Viazi ziko mpaka mlangoni. Mama yake ni mtu wa kucheka kama sisi, alinishika mkono hakuniachilia mpaka chai. Nikapelekwa nyuma ya boma, nikaona. Magogo yametobolewa ndani, yamefungwa juu ya miti, na nyuki wanaingia na kutoka kama watu wa soko. Nikahesabu mpaka shingo ikauma nikaacha. Huo ndio mzinga wa wimbo, umefungwa kwa mti na kamba, mimi nimeuona na macho yangu, Kageha ni shahidi.

Na kwa sababu sitaki uambiwe na mtu mwingine, nakuambia mimi: wakiwa na sherehe wanatengeneza pombe kidogo ya hiyo asali, ya wazee. Niliuliza mama yake wazi, huyu kijana anakunywa? Akasema Kiprono alionja mara moja akatapika kwa viatu vya mjomba wake, tangu hapo hata harufu hataki. Mjomba alikuwa hapo na bado amekasirika juu ya viatu. Hiyo hasira, dada, mtu hawezi kuibuni.

Tukawekea babu huo wimbo kwa redio ndogo ya betri. Nikadhani atafurahi. Akaskiza mpaka mwisho, akasema kitu kwa lugha yao, watu wakacheka. Kiprono akanitafsiria: babu anasema hiyo haraka nyuki hawataki. Ukipanda mti na wimbo wa kukimbia hivyo utashuka umevimba. Akaanza kuimba vile yeye huimba akipanda na moshi. Ni ule ule, lakini polepole, karibu usingizi. Nikamwambia Kiprono, wewe ulichukua wimbo wa mzee ukauvalisha viatu vya kukimbia, ndio maana walevi wameudaka. Hakubisha. Mtu asiyebisha ukimwambia ukweli mbele ya mama yake, huyo nimempenda.

Tukirudi Nakuru akaja na mpango. Akasema atasafiri mpaka Chavakali, akae mbele yako kwa nyumba, akuimbie huo wimbo vile babu anauimba, ndio uamini.

Dada, nilikaribia kumeza pini. Nikamwambia, baba, unataka kuuawa na aibu? Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani hivyo. Akikuona njiani anafaa kuingia kwa migomba mpaka upite, na wewe uzibe uso na leso. Sasa yeye anataka kubeba gita aingie mpaka jikoni. Kumbe kwao hawana ukali kama wetu na Kageha aliona haya kumwambia. Masikini alishtuka, akauliza polepole, “Sasa ataniskiaje?”

Ni Harbans alijibu. Alikuwa nyuma ya kaunta anajifanya anapanga betri, na masikio yote iko kwetu. Akasema, “Kwani kaseti iko na macho?”

Nilisimama nikamsalimia mkono.

Kwa hivyo ile kaseti umefungiwa na hii barua ni hiyo. Najua huna mashine ya sidi, una ile redio yako ya kaseti, kama kifuniko bado kinakataa weka kijiko. Upande wa kwanza ni bendi yote, vile umeskia kwa matanga. Huo unaweza kuruka, au uskize ukiwa peke yako ucheze, goti likikubali. Upande wa pili ndio wako. Tulirekodi kwa hiyo stoo ya viazi, katikati ya magunia. Ni Kiprono na gita moja, na babu yake ameshuka kutoka juu kuja kuimba, hajawahi kuja Nakuru hata kwa mambo yake mwenyewe, ni kwa hii tu. Utamskia akikohoa, Kiprono alitaka kuondoa kikohozi nikakataa, nikasema wacha, dada yangu askie kuna watu.

Na ile sauti nyuma, kama mvua iko mbali kwa mabati, ni mimi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kupiga polepole bila kukimbia, hawa vijana wa drams hawawezi, mikono inawawasha. Kijana mmoja akasema, “Si mathe alete cherehani?” Walikuwa wanatania. Mimi nikaenda nikaileta kwa mkokoteni. Nimekanyaga bila uzi, wimbo mzima, na mguu haukuteleza. Sasa mimi ni mtu wa bendi, waambie wale walisema sitafika mahali.

Salimia kaka yetu mkubwa, mwambie suruali yake iko tayari na nimeacha nafasi ya tumbo. Salimia shangazi wa kanisa, yule wa kupiga kayamba, mwambie kuna watu huku wanamhitaji. Na yule jirani mwenye simu, mwambie pole kwa kelele za siku ile. Watoto wa kaka wote nawasalimia, yule mdogo mfichie asali. Kwa maana kuna asali, nilikuwa karibu kusahau.

Hii barua na kaseti mume wa jirani yangu anakuletea pamoja na mkebe. Ni mkebe wa mafuta ya kupika tumeosha vizuri, Kageha ameuosha, wacha kusema ameuosha vipi. Umejaa asali ya huo huo mzinga, na sega ndani. Kuja na kikombe kama wimbo unavyosema.

Sitaki unijibu na simu. Ukikasirika simu inakatika, na ukifurahi unalia na siskii kitu. Fanya hivi. Skiza upande wa pili, kula asali, halafu rudisha mkebe na huyo mtu akirudi. Wewe unajua vile mama alitulea, mkebe wa mtu haurudi mtupu isipokuwa umekosana naye. Ukirudi mtupu nitaelewa, nitamkalisha Kageha chini nimwambie, na sitakulaumu hata kidogo. Lakini ukirudi na kitu ndani, hata kama ni njugu za kufunika chini tu, mimi nafunga cherehani siku hiyo hiyo napanda Mau Narok kuwaambia wajitayarishe kukuja kwako kuposa.

Kageha ameniuliza mkebe unarudi lini. Nimemwambia asali haimalizwi na haraka. Ametoka nje kuosha vyombo.

Ni mimi mdogo wako wa cherehani,
Robai