Salamu Niliyoikataa kwenye Hitima

Jumamosi, baada ya magharibi

Sikumwitikia, na wala sijuti. Andika hivyo hivyo, Mwanaidi mjukuu wangu, usinipambie maneno.

Mwalimu Kasimu alipoletwa kufundisha hapa Kigombe, alikaa chumba changu cha uani miaka minne. Asubuhi anapita nyumba kwa nyumba, anawatoa watoto vitandani waende shule. Nilimpenda kama mwanangu, na samaki mnono nilimwekea yeye. Sasa ni diwani. Shule ile ile paa limeng'oka tangu masika, wewe unashinda nyumbani, naye hajaja hata kutazama!

Leo kaja kwenye hitima ya dada yangu. Dua haijaisha, keshasimama na kipaza sauti anaomba kura. Kisha kaniinamia, mpiga picha nyuma yake.

"Shikamoo, bibi yangu."

Nikanyamaza.

"Bibi, hujanisikia?"

"Nimekusikia. Nenda kaezeke shule kwanza, ndiyo uje uniamkie."

Wanawake wakaangua kicheko, yeye akaondoka jasho likimtoka. Sasa naogopa asije akainunia shule kwa ajili ya mdomo wangu, na wewe ukazidi kukaa nyumbani...

Mama yako ananiita. Eti Mwalimu yuko barazani, kaja peke yake, hana mpiga picha.

Weka kalamu. Nakwenda.